Kiti Kisichooshwa

Kiti cha dereva kilikuwa na joto.

Rispa alikuwa amepenyeza mkono garini kutafuta kiatu cha shule cha bintiye, Tiffany, ambaye siku hizi alipenda kuchezea humo. Kiganja chake kilitua kwenye ngozi nyeusi ya kiti, na joto lililompokea lilikuwa la mahali mtu ameinuka sasa hivi. Gari lenyewe halikuwa limewashwa tangu liletwe. Lilikaa chini ya paa la mabati ubavuni mwa nyumba yao ya Buruburu, mahali jua halifiki, na asubuhi hiyo ya Julai ilikuwa ya baridi na mawingu. Munene, mumewe, alikuwa ametoka mapema kwenda kufungua duka lake la vipuri. Rispa aliondoa mkono. Kiganja kilikuwa kimelowa.

Alikinusa, akajuta papo hapo. Ilikuwa harufu ya chupa ya chai ya maziwa iliyofungwa ikasahauliwa, na chini yake kulikuwa na utamu fulani, kama mafuta ya nywele waliyokuwa wakipaka wazee. Alinawa kwa sabuni ya kufulia, akanawa tena kwa ndimu, akasugua kucha kwa mswaki mkuukuu. Mchana, alipomkatia Tiffany chapati, mtoto alirudisha uso nyuma.

"Mum, mkono wako unanuka kama anko."

"Anko gani?"

"Wa kwa gari," Tiffany alisema, akaichukua chapati na kuendelea kula.

Rispa alijiambia kwamba mtoto anawazungumzia marafiki wa Munene, maana walikuwa wakija mara kwa mara kulitazama gari. Lilikuwa gari la spoti la Kijapani, jekundu, la watu wawili tu, la chini kiasi kwamba ukilitazama kutoka jikoni ulidhani limelala. Kiwanda kilikuwa kimetengeneza machache, kikaona hayanunuliwi, kikaacha. Kisha vijana waliokuwa wakibandika picha zake ukutani wakazeeka wakapata pesa, na magari yenyewe yakawa yamepungua kwa ajali na kutu. Sasa kila mwezi bei yake ilipanda. Munene alikuwa amelinunua kwa mjane mmoja wa Donholm, kwa bei ya chini ambayo wenzake walikataa kuiamini, na tangu siku hiyo alikuwa akiamka na kufungua simu atazame minada ya ng'ambo kabla hajamjulia mtu hali.

Sheria ya wapenzi hao wa magari ilikuwa moja: kila kitu kiwe orijino. Rangi iwe ile ya kiwandani hata ikififia. Viti visishonwe upya, visipakwe dawa, wala visioshwe.

"Ukiosha umeua bei," Munene alikuwa akisema, na Rispa, ambaye hakuweza kulala sinki likiwa na kijiko kichafu, alikuwa amejifunza kunyamaza.

Jumapili baada ya kanisa walikuja wanaume wanne. Aliyesikilizwa na wote alikuwa Seth, mwenye upara unaong'aa, kwa kuwa aliwahi kumiliki gari kama hilo akaliuza mapema, na hilo lilimpa heshima ya mfiwa.

"Niaje, buda. Tufungulie kwanza tunuse," alisema.

Waliinama mmoja mmoja, wakaingiza vichwa na kuvuta pumzi. Rispa alisimama mlangoni na sinia la chai akiwatazama migongo. Hata alipokuwa amesimama harufu ilimfikia, nayo ilikuwa imekomaa kuliko siku ile ya kwanza.

"Hii haiuzwi dukani," Seth alisema, macho ameyafumba. "Hii ni miaka."

"Mnanusa kiti kama mbuzi dume," Rispa alisema.

Walicheka. "Shemeji, we hujui," Seth alimwambia. "Huyu akioshwa anakuwa gari tu, kama ya jirani. Kuna watu wanalipa zaidi kwa hii harufu pekee."

Alichukua kikombe. Kabla ya kunywa alipitisha kidole mdomoni, akavuta unywele mmoja mrefu wa mvi kutoka kati ya meno, akautazama, akautupa majanini na kunywa chai yake.

Mwingine alikuwa akisoma simu. "Moja imeungua Eldoret wiki hii. Mwenyewe hakutoka."

Wote waliinamisha macho, kwa adabu. Kisha mtu akasema polepole, "Kwa hivyo hapa Kenya zimebaki mbili."

Rispa alimwona mumewe akijaribu kutotabasamu. Alishindwa.

Siku chache baadaye, alasiri, Rispa alikuwa akichambua sukuma wiki jikoni alipogundua kwamba nyumba imetulia mno. Redio ya jirani ilikuwa ikiimba, mwenye mkokoteni wa maji alikuwa akipita, lakini sauti ya Tiffany haikusikika. Alitazama dirishani. Mtoto alikuwa kwenye kiti cha dereva, mlango umefungwa, na kwanza Rispa alitaka kumkaripia, kisha akaona kitu ambacho jicho lake lilikikataa, kwa sababu Tiffany alikuwa wa darasa la pili na mfupi hata kwa darasa hilo, kila mara akikaa humo lilionekana paji la uso tu juu ya usukani, lakini sasa kichwa chake kilikuwa kimegusa paa la gari, shingo imepinda kidogo, na kati ya mapaja yake na ngozi ya kiti palikuwa na nafasi ya kutosha mtu kupitisha mto, nafasi tupu, na mtoto alikuwa akiyumbayumba taratibu juu ya nafasi hiyo kama anayebembelezwa magotini.

Alikimbia, kisu kikiwa bado mkononi. Alipofungua mlango alisikia sauti ya koo likimeza, karibu sana, wala halikuwa koo la mtoto. Tiffany alishuka kitini taratibu, kama anayewekwa chini.

"Anko anasema nikae, asipoe," alisema. Alikohoa, na Rispa akamtoa mdomoni kifundo cha nywele za mvi kilicholowa.

Munene aliporudi jioni, Rispa alikuwa amekaa kitandani na mtoto amemkumbatia, mlango wa chumba umefungwa kwa kitasa hadi alipomfungulia.

"Nani alikuwa mwenye hilo gari?" aliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaweza kusikiwa.

"Si nilikwambia. Mjane wa Donholm."

"Mume wake alifia wapi, Baba Tiff?"

Munene alikaa pembeni ya kitanda, akaanza kufungua kamba za viatu. Alizifungua kwa muda mrefu.

"Alikuwa amekosana na huyo mama. Akawa anakaa kwa gari, huko nyuma ya nyumba, chini ya turubai. Siku moja hakutoka."

"Walimtoa lini?"

"Majirani walipolalamika."

"Kuhusu nini?"

Munene aligeukia kiatu cha pili. Rispa aliwaza wanaume wanne walioinamisha vichwa, wakavuta pumzi, wakasifu.

"Na wewe ulijua. Ulijua ni nini kiko kwa hicho kiti, ukaacha mtoto akalie."

"Haina hata doa, Mama Tiff. Ngozi ni nyeusi." Alisema hivyo kwa upole, kama anayemtuliza. "Nikibadilisha kiti ni nusu ya bei. Tukiuza hii tunatoka Buruburu. Si unataka mtoto asome vizuri?"

Rispa hakuwa mtu wa waganga. Mchungaji wao alikuja kwanza, akaweka mkono juu ya boneti na kuomba, akaomba radhi katikati ya sala na kwenda kutapika kwenye mtaro. Ndipo rafiki mmoja wa Rispa akampa nambari ya Ustadhi Muse wa Majengo. Muse alikuwa akiuza viatu vya mitumba katika soko la Gikomba, na kazi hii nyingine, ya kutoa mashetani, aliifanya kwa uso wa mtu aliyeombwa kuzibua choo cha jirani.

Alifika adhuhuri, akavua koti, akalining'iniza kwenye msumari. Alisimama kwenye mlango wa gari bila kuingia.

"Nani anakaa hapa?"

"Mtoto," Rispa alinong'ona. "Na baba yake, akitazama simu."

Muse alianza kusoma aya, sauti haipandi wala haishuki. Mwanzoni hakukuwa na kitu isipokuwa nzi, waliokuja kutoka kusikojulikana na kutua juu ya kioo kwa ndani. Kisha ngozi ya kiti ikaanza kutokwa jasho, matone madogo ya rangi ya chai yakijitokeza kwenye mishono na kuteremka, na katikati ya kiti pakabonyea polepole mapaja mawili mapana, na mgongo ukabonyea nyuma yake, na pale ambapo kichwa kingekuwa ngozi ikasuguana na ngozi kama mtu anageuza shingo kuwatazama, mmoja baada ya mwingine, hadi aliposita upande wa Rispa, ambaye alikuwa ameziba mdomo kwa kanga na bado akaionja ile harufu, tamu, kwenye ulimi.

Muse alimaliza, akafunga mlango kwa mguu.

"Ni yule mzee?" Munene aliuliza.

"Marehemu amekwenda zake. Huyu ni jini. Alivutwa na uchafu aliouacha marehemu, akapata kitanda." Alijifuta shingo. "Anapenda kukaliwa. Mkimkalia anapata joto lenu, ndiyo uzima wake. Kitoeni kiti, kichomwe chote, ngozi na sponji. Akikosa pa kukaliwa ataondoka. Lakini asipewe mahali pengine, mnanielewa? Na mtoto asimkalie tena. Ameshamzoea. Safari ijayo hatamshusha."

Rispa alingoja mumewe abishe. Munene alifunika uso kwa mikono, akakaa hivyo, kisha akasema, "Sawa. Nitamwita Ng'ang'a aje akifungue. Kesho kutwa tutakichoma." Rispa alimshika bega. Kwa mara ya kwanza tangu gari lije, alimwonea huruma.

Ng'ang'a alikuwa fundi wa viti, wa magari na wa nyumbani pia, mwenye kibanda Kariobangi. Kiti kilikwenda kwake na kurudi kikiwa kimefungwa kwa gunia. Wakakichomea kwenye uwanja mtupu nyuma ya mtaa, Muse akisoma. Kiliwaka haraka, kwa moshi mweusi wenye harufu kali ya gundi na plastiki mpya. Rispa alishangaa kwamba uchafu wote ule unaweza kunuka usafi hivyo. Alilia kidogo. Muse alitazama majivu kwa muda, akakunja uso, lakini alikuwa na wateja wakimngoja Gikomba.

Nyumba ilipumua. Tiffany aliacha kukohoa, na gari lilikaa chini ya mabati likiwa na pengo upande wa dereva. Munene, tofauti na alivyotarajia Rispa, hakununa. Hata alimletea zawadi: kochi lao la zamani lilirudi kutoka kwa Ng'ang'a likiwa na kitambaa kipya cha kijani na mto wa katikati ulionona. Tiffany aliupenda mto huo. Alifanyia kazi ya shule hapo, akala hapo, na alipoambiwa aende kulala alilalamika kwamba kitandani kuna baridi.

Jumamosi Rispa alikuwa sokoni karibu na nyumbani, akichagua nyanya, Ng'ang'a alipomsalimia akiwa juu ya pikipiki.

"Mum, kochi iko aje? Hainyongi mgongo?"

"Iko poa. Umeifanya vizuri sana."

"Niliogopa hiyo ya katikati. Kiti cha gari hakikai vizuri ndani ya mto wa kochi, ile shepu yake. Lakini bwana yako alisema lazima." Alicheka. "Hao watu wa magari. Ati ile sponji isipokaliwa itakauka ivunjike, na store inavuja. Nikamshonea kitambaa juu yake hivyo hivyo, na ngozi yake yote. Ile kopi nilimtengenezea iliwatosha? Alisema ni ya kuonyesha wageni."

Nyanya zilibaki mezani kwa mwenye nyanya.

Alikimbia akipita kinyozi, akipita kanisa lililokuwa likijaribu vipaza sauti, akiita jina la mtoto tangu njiani hata watu wakageuka, na alipofika mlangoni harufu ndiyo iliyomfungulia, harufu ya chai iliyooza na mafuta ya nywele, nzito, ya moto, kana kwamba sebule nzima ilikuwa mdomo wa mtu aliyelala. Katuni zilikuwa zikicheza kwenye televisheni. Munene alikaa mwisho wa kochi, macho kwenye simu. Kando yake, katikati, Tiffany alikuwa amekaa, na kichwa chake kilikuwa juu ya kichwa cha baba yake.

"Imepanda tena," Munene alisema bila kuinua macho. "Seth analeta mnunuzi Jumatatu. Vumilia kidogo tu."

Rispa alimshika mtoto kwapani, akavuta. Tiffany hakulia. Alimtazama mama yake kwa macho yaliyochoka, na kifuani pake, juu ya sweta, kitambaa kilikuwa kimebonyea mistari kumi, mitano huku na mitano huku, mahali vidole vinaposhika. Rispa aliweka mguu kwenye kochi, akavuta kwa nguvu zake zote. Mtoto alikuwa mzito kama watu wawili. Chini yake, ndani ya mto wa kijani, koo lilimeza.

"Baba Tiff, nisaidie. Nisaidie kumtoa."

Munene aliinua macho hatimaye. Akaona, na Rispa akaona kwamba ameona. Aliweka simu chini, akasogea karibu, akanyoosha mikono yote miwili na kuushika mto.

"Polepole, Mama Tiff," alisema. "Utachana mshono."