Neno la Florentine

Kaswera alipoonyeshwa picha za siku ya kwanza ya filamu, aliona kwamba anaponda lituma, ndizi za kuchemsha, kwa mkono wa kushoto. Maisha yake yote hutumia wa kulia. Alimgeukia mumewe, Muhindo, aliyekaa kando yake mbele ya televisheni ndogo. Muhindo hakushangaa. Alikuwa akitabasamu.

Ilikuwa mwaka wa 2002, mtaa wa Tshopo, Kisangani. Miaka miwili kabla, katika vita vya siku sita vilivyopiganwa mjini humo, bomu lilianguka kwenye ua huohuo likamuua Florentine, mke wa kwanza wa Muhindo, aliyetumia mkono wa kushoto. Sasa mwalimu mmoja wa chuo, Monsieur Hilaire, alikuwa akitengeneza filamu ya siku zile. Waliopatwa na mambo hayo ndio waliocheza, kila mtu nyumbani kwake, wakitunga maneno palepale.

"Kweli peke yake haitoshi," alisema Hilaire. "Kuna mambo mutu anaweza kuyasema tu kama anacheza."

Ila Florentine hakuweza kujicheza. Hilaire alimtaja Gracia, binti wa sokoni. Kaswera hakuvumilia kusikia mwanamke mwingine akiitwa mke wa Muhindo, hata kwa mchezo.

"Nitacheza mimi," alisema.

Muhindo akafungua sanduku ambalo tangu walipofunga ndoa hakumruhusu aliguse, akamtolea kitenge cha marehemu. Kilikuwa kimekunjwa vizuri sana, na jambo hilo lilimuuma.

Siku ya pili walicheza asubuhi ya bomu, Muhindo akienda dukani, mkewe akimsindikiza mpaka mlangoni. Kaswera alikusudia kusema kwaheri tu. Kinywa chake kikasema, "Usichelewe, nina neno la kukuambia."

Muhindo akaangusha mfuko.

Hilaire alipoondoka, Kaswera alimfuata mumewe jikoni. "Nani aliwahi kukuambia hivyo?"

"Florentine. Asubuhi ile. Nilirudi nikamukuta amekwisha kufa." Aliketi kwenye kigoda. "Miaka miwili najiuliza ilikuwa neno gani."

"Mimi sikuyajua hayo, Papa Muhindo. Naogopa."

"Najua haukujua," alisema. "Kesho turudilie."

Walirudia mara tano, kisha mara kumi. Kila mara Muhindo alimtazama kwa macho ambayo Kaswera hakuwahi kutazamwa nayo, macho ya mtu mwenye kiu, na kila mara alijua kwamba hayakuwa kwa ajili yake. Aliyachukia. Aliyangoja pia. Hilaire alimaliza filamu akafungasha kamera zake, lakini nyumba haikurudi kama zamani: mchana, jua likiwaka, harufu ya ndizi zilizoungua ilitoka jikoni ambamo moto haujawashwa, na nyuma ya harufu mwanamke alikuwa akiimba polepole, na Muhindo aliposimama mlangoni akanong'ona "Florentine," Kaswera alijikaza, akauma midomo mpaka ikatoka damu, na bado kinywa chake kiliitika, "Niko hapa."

Alikuwa Mkatoliki, lakini alikwenda kwa Mwalimu Sefu, Mwislamu wa kutoka Maniema, fundi wa kufukuza majini. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wafu hawarudi, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Hilo ni jini. Limesikia jina likiitwa kila siku na hakuna anayeitika, basi likaitika. Na linakuonea wivu, kwa sababu mwili iko wako."

"Litatoka?"

"Aliyeliita ndiye atalifukuza. Nitakuja Ijumaa. Bwana yako awe nyumbani."

Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, Sefu alifukiza ubani, akamfunika Kaswera shuka jeupe, akaanza kusoma. Kaswera akahisi anasukumwa nyuma, ndani ya mwili wake mwenyewe, kama mtu anayesukumwa na umati hadi ukutani, anasikia kila kitu ila hawezi kuinua hata ulimi.

"Muhindo," kinywa chake kilisema. "Wakinifukuza, naondoka na neno langu."

"Usisikilize," alisema Sefu. "Papa, sema mara tatu: Florentine, toka."

Muhindo alipiga magoti. Alilifunua shuka, akautazama uso ule kwa muda mrefu, machozi yakimchuruzika, na huko nyuma Kaswera alimwita kwa nguvu zake zote, akamwita kwa jina la nyumbani kwao, mjini Butembo, akamkumbusha kwamba yeye ni mzima, yupo, anampenda, na hakuna hata sauti moja iliyotoka.

"Kaswera," alisema Muhindo. "Toka."

Sefu aliacha kusoma. "Umekosea jina, papa. Huyo ndiye mwenye mwili."

"Sikukosea, Mwalimu." Akasema mara ya pili. Mzee alimrukia kumziba mdomo, lakini mara ya tatu ilikuwa imekwisha kutoka.

Kitu kilichovaa uso wa Kaswera kikamwinamia Muhindo sikioni. Kaswera, aliyekuwa akififia, alikuwa karibu nacho kiasi cha kuona ndani mwake, akaona kwamba hakikujua neno lolote. Hakikuwahi kulijua. Kilitafuta kidogo, kikatunga moja palepale, kikamnong'oneza.

Muhindo akalia kwa furaha.