Maji Yaliyochemshwa Mpaka Nusu

Cherehani ilikuwa inapiga kelele tangu alfajiri. Mama mtoto alikuwa fundi wa sare za shule, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Chumba chao kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Upande huu vitambaa, upande ule kitanda na jiko. Jikoni alikaa mama mkwe wake, na hakuna aliyethubutu kumwondoa hapo.

Kazi ya bibi huyu ilikuwa maji ya mjukuu. Mtoto alikuwa na miezi mitatu na alinywa maziwa ya kopo. Mama yake aliugua baada ya kujifungua, akalazwa, maziwa yakakauka. Basi bibi akajifunga kibwebwe. Kila siku aliteka maji kisimani, akayachuja kwa kitambaa safi, akayabandika. Yakichemka, aliyaacha. Yakipungua, aliyaacha tena.

"Mama, gesi itaisha," alisema mama mtoto, mguu ukiwa kwenye pedali.

"Iishe. Mume wangu hanywi maji mabichi." Mume wangu ndilo jina alilompa mjukuu.

"Lakini sufuria imebaki nusu!"

"Nusu hiyo ndiyo iliyoiva. Vijidudu vyote vimeshaomba radhi."

Baba mtoto, mchomeleaji wa mageti, alikuwa anafunga viatu. Akacheka. "Mama, ukizidi hapo utamchemshia mtoto na sufuria yenyewe."

"Wewe nilikuchemshia hivi hivi. Angalia ulivyo jitu."

Mama mtoto alikwenda kumwinua mtoto ampe chupa. Mtoto alikuwa amelegea. Hakulia. Akamsogeza mlangoni penye mwanga. Midomo yake ilikuwa na rangi ya wino. Kucha nazo vilevile.

"Baba mtoto," alisema taratibu. "Washa pikipiki. Sasa hivi."

*

Hospitalini muuguzi alimpokea mtoto kabla hata hawajaulizwa jina. Alimbana mguuni klipu ndogo yenye waya. Ndani ya klipu ilionekana taa nyekundu.

"Inamchoma?" bibi aliuliza. Alikuwa amefika nyuma yao, anahema.

"Haichomi, bibi. Ni mwanga tu. Unapita kwenye nyama ya mguu, na upande wa pili kuna kijicho kinaupokea. Damu yenye hewa ya kutosha ina rangi yake. Damu isiyo na hewa ina rangi nyingine. Kijicho kinalinganisha, halafu kinatupa namba."

Namba ilikuwa ya chini. Muuguzi akamwekea mtoto hewa ya oksijeni puani. Wakasubiri. Namba ikaganda palepale.

"Kifaa kimeharibika," alisema baba.

Muuguzi alibana klipu kwenye kidole chake mwenyewe. Namba ikapanda juu. "Kizima. Mtoto anapata hewa, lakini damu haiwezi kuibeba. Klipu haijui kwa nini. Inaniambia tu kwamba kuna jambo. Kulitafuta ni kazi yetu."

Daktari akavuta damu kidogo. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea. Akaagiza dawa ya mshipani, nayo ilikuwa ya bluu.

Bibi akamshika mkono. "Daktari, mtoto kashakuwa wa bluu, na wewe unamtia bluu nyingine?"

"Ndiyo inayorudisha wekundu, bibi. Niamini, utaona mwenyewe."

Dawa iliingia taratibu. Baada ya muda midomo ikaanza kupauka, kisha ikapata uhai. Mtoto akafungua kinywa akalia kwa hasira zote za dunia. Mama yake hakuwahi kusikia kelele tamu kama ile.

Ndipo muuguzi akauliza, "Maziwa mnakoroga kwa maji ya wapi?"

"Ya kisima cha mtaa," alisema bibi. "Lakini nachemsha! Nachemsha mpaka yabaki nusu."

Muuguzi akakaa chini. Akazungumza naye kwa upole. "Bibi, kuchemsha kunaua vijidudu. Hapo hukukosea. Lakini kuna kitu kinaitwa naitreti. Ni chumvi inayotoka kwenye mbolea, au kwenye vyoo vilivyo karibu na kisima. Haina rangi, haina ladha, haina harufu. Na haifi kwa moto. Ukiuacha mchuzi jikoni, maji yanapungua. Chumvi je?"

"Inazidi," bibi alijibu. Alikuwa ameelewa.

"Mtu mzima anaistahimili zaidi. Mtoto mchanga haiwezi. Inamharibia damu."

Baba mtoto akaruka. "Kila siku nusu, nusu! Si nilisema, mama?"

"Hukusema kitu, ulitania," mkewe alimkata. "Usimtupie mama neno hilo. Kila ukuta umebandikwa tangazo: chemsha maji. Akachemsha. Nani aliyemwambia hilo lingine? Mtaje."

Baba mtoto akamsogezea mama yake kiti.

*

Sasa tuseme habari za kisima hicho, maana wapo wanaonenepa kwa usahaulifu wetu.

Wakazi wa mtaa ule waliomba bomba. Wakaambiwa subirini. Wakaomba tena. Wakaambiwa bajeti. Mwisho wakachimba wenyewe, na kiwanja pekee walichopewa kilikuwa nyuma ya ghala bovu la mbolea. Ghala lilifungwa zamani, mifuko ikaachwa ndani. Upepo ukang'oa paa. Kila mvua iliponyesha, maji meupe yalitiririka kutoka chini ya mlango. Watu walilalamika. Wakajibiwa kwamba ni vumbi tu. Aliyejibu hivyo hakuwa anakunywa maji ya pale.

Mama mtoto alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa siku ileile waliyotoka hospitali.

"Tunataka kisima kipimwe."

"Dada, kisima nilishakipima mwenyewe," alisema mwenyekiti. "Idara ya afya waliniachia kopo la karatasi za kupimia. Zilitoka nyeupe pe. Unataka kututia hofu?"

"Hofu ninayo tayari, mwenyekiti. Nataka kipimwe nikiwa naona."

"Ukikitangaza vibaya, watu watakunywa nini?"

"Na nisipokitangaza, nani atazika watoto wao?"

Hakungoja jibu. Alikwenda mwenyewe idara ya afya, akakaa kwenye benchi mpaka bwana afya akatoka naye.

*

Kisimani palikuwa na kivuli cha turubai jekundu, kwa ajili ya watu wa foleni. Mwenyekiti alifika na kopo lake. Watu wakajazana. Mwenyekiti akachovya karatasi moja, akaiinua wote waione, palepale chini ya turubai.

"Haya, mna macho. Imebadilika?"

Haikuonekana imebadilika. Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Fundi, rudi kwenye vifungo vyako."

"Nitarudi tukimaliza," alijibu mama mtoto. Hakusogea.

Bwana afya alitazama juu. "Mwenyekiti, siku ile ulipimia hapa hapa?"

"Hapa hapa. Jua lile nani analiweza?"

"Tokeni nje, wote."

Walitoka juani. Bwana afya alifungua kopo jipya. "Kopo likae limefungwa," alisema, "unyevu unaziua karatasi hizi. Mikono iwe mikavu. Ncha hii usiiguse, ina dawa. Dawa ikikutana na naitreti, inageuka waridi. Naitreti ikiwa nyingi, waridi inakolea. Watu wa maabara wanaiita kihisi, kwa sababu kinahisi kitu ambacho ulimi wako hauhisi."

Akachovya, akangoja muda ulioandikwa kwenye kopo. Kisha akaiweka karatasi juu ya kadi nyeupe.

Ncha ilikuwa ya waridi iliyoiva.

"Mbona kule ilikuwa nyeupe?" mtu aliuliza.

Mama mtoto alishapata jibu. "Ni kama kuchagua uzi! Chini ya kivuli chekundu, kila kitu kinapakwa wekundu. Nyeupe na waridi zinafanana. Mimi uzi nauchagulia mlangoni."

"Ndivyo hivyo," alisema bwana afya. "Na hata juani macho ya watu hutofautiana. Ndiyo maana nimekuja na hiki." Akatoa kisanduku cha kutosha kiganjani, akachomeka karatasi ndani, akafunga kifuniko. "Humu kuna taa yake na kijicho chake. Hakisumbuliwi na turubai wala jua. Kinapima waridi ni nzito kiasi gani."

Namba ikatokea. Akaisoma kwa sauti. "Kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa ni hamsini. Hapa ni mia moja na arobaini."

"Karatasi zako mbovu!" mwenyekiti alisema.

"Basi tuzijaribu." Mama mtoto alitoa chupa ya maji ya bomba la hospitali. Bwana afya akachovya karatasi nyingine ya kopo lilelile. Ikabaki nyeupe. Kisanduku kikatoa namba ndogo.

Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alimwaga ndoo yake chini, palepale.

*

Siku hiyohiyo walikubaliana. Maji ya kisima yawe ya kufulia na kusugulia sakafu tu. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha, ndiyo kinga kubwa ya mtoto. Maziwa ya kopo yakorogwe kwa maji yaliyopimwa, na maji hayo yachemshwe, yakitokota tu yaepuliwe. Baba mtoto alibeba madumu kutoka bomba la hospitali kwa pikipiki, yake na ya jirani.

Lakini hawakuishia hapo. Bibi ndiye aliyekataa.

"Nimempa mtoto sumu kwa mikono hii kwa sababu mtu fulani aliacha mbolea ioze," alisema. "Mimi silali."

Walikwenda ofisi ya maji na ndoo zao, wanawake kwa wanaume. Bibi aliweka mezani kwa meneja birika la maji ya kisima.

"Chai yako ya leo ichemshwe kwa haya."

Meneja alicheka kidogo. Kisha akaona hakuna anayecheka naye. "Bibi, taratibu zina hatua zake."

"Tunazijua. Subirini, halafu bajeti. Tumeshapita hatua zote mbili. Ya tatu ni ipi?"

Walirudi kesho yake. Wakarudi tena. Bwana afya alikwenda nao na kisanduku chake, kwa kuwa namba ile haikuwa ya kubishaniwa. Mwishowe lori lilikuja likazoa mifuko yote ghalani. Baada yake wakaja mafundi na mabomba.

Siku ya kufungua bomba, mwenyekiti alivaa suti. Alishika kipaza sauti. Watu walikuwa wengi, na mjukuu alikuwa mgongoni kwa mama yake, mnene, anavuta nywele za watu.

"Ndugu wananchi," alianza, "leo ni siku ambayo mimi binafsi..."

"Mwenyekiti," bibi alimkatiza. "Pima kwanza. Hotuba baadaye."

Watu wakashangilia. Bwana afya akafungua kopo, akamkabidhi bibi karatasi. Bibi alijifuta mikono kwenye kanga mpaka ikakauka. Akakinga maji, akachovya, akangoja. Akailaza karatasi juu ya kadi, akawapitishia walio mbele mmoja mmoja waitazame. Nyeupe. Kisanduku kikasomwa kwa sauti, na namba ilikuwa ndogo.

"Sasa endelea," bibi alimwambia mwenyekiti, akaweka ndoo yake chini ya bomba.

Nyuma yake foleni ilikuwa imeshajipanga, na wote walikuwa wamempa mwenyekiti mgongo.