Mtumbwi kwa Jina Moja

"Mwanangu, mwanamume anayesema mali ni ya wote, mkewe naye atakuwa wa nani?"

Ndivyo alivyouliza Mama Honorata, jirani muuza mawese, siku alipomwona Luqman, kijana mvuvi, akimbebea Zuhra dishi la dagaa mwaloni Ujiji, pale mitumbwi inapotia nanga. Zuhra alicheka, kanga ya njano ikamteleza begani. Lakini swali la jirani halifi, hulala tu.

Zuhra na Luqman walikuwa wamegongana asubuhi hiyohiyo katikati ya kelele za wanunuzi, dagaa wakamwagika mchangani. Badala ya kuomba radhi, kijana aliuliza, "Hawa ni wa nani?"

"Wa baba yangu, Mzee Musa."

"Jana usiku baba yako alikuwa ziwani?"

"Alikuwa amelala."

"Basi ni wetu tuliokesha. Yeye ana mtumbwi tu."

Mwingine angekasirika. Zuhra alilitazama lile shati lililopauka kwa jua, na yale macho yasiyomwogopa baba yake, akasahau kuokota dagaa.

Toka hapo simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?" Luqman aliuliza.

"Nimekula. Wewe umesoma?"

"Nimesoma. Yule mwanafalsafa Maksi anasema thamani hutoka kwenye mkono wa anayefanya kazi."

"Na mapenzi je, hutoka wapi?"

"Hapo sijafika, laazizi. Kitabu ni kinene."

Wakitengeneza nyavu, Luqman aliwaeleza wenzake kwamba zama za matajiri zitapita, chombo kitakuwa cha wanaokipanda. Wakaapa kwa Mungu kuwa hakuna atakayemiliki mtumbwi peke yake. Wa kwanza kuapa alikuwa nahodha wao, Mzee Jumanne, ambaye siku moja ziwa lilipochafuka alimvuta Luqman kutoka majini kwa mkono. Huyo ndiye akawa mshenga wake.

Siku ya posa, upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, kulikuwa kweusi kwa mawingu, na ziwa limetulia utulivu usiopendeza. Zuhra alisimama nyuma ya pazia na sinia la vikombe, amevaa dera la zambarau, hina bado mbichi mikononi.

"Ujamaa tuliuona," Mzee Musa alisema kwa upole, akiwatazama Luqman na mshenga wake. "Kijijini kwetu kulikuwa na mtumbwi wa wote. Ulipotoboka, kila mtu akamngoja mwenzake auzibe. Ukazama palepale ulipofungwa."

"Kwa kuwa amri ilitoka juu, mzee," alijibu Luqman. "Wavuvi hawakuulizwa. Na wako leo unazibwa na nani, si sisi?"

"Ninyi, kwa kuwa nipo kuwasimamia." Akacheka kidogo. "Sikiliza, kijana. Binti yangu haolewi na kibarua. Nakupa mmoja wa mitumbwi yangu na mashine yake, kwa jina lako peke yako. Ukikataa, urudi na posa yako."

"Mzee, mimi na wenzangu tuna..."

"Peke yako, nimesema."

Zuhra aliomba Mungu, asijue anaomba nini. Luqman akikataa, amempoteza. Akikubali, je, atakayempata ni yuleyule wa mwaloni?

Luqman alilitazama pazia. Akaona pindo la dera.

"Nimekubali, mzee." Kisha akaongeza harakaharaka, "Wavuvi wangu wasiwe na shaka. Nitawatendea haki, si kama matajiri wengine."

Wavuvi wangu. Punde tu, Zuhra aliwaza, walikuwa wenzangu.

"Vizuri," alisema Mzee Musa. "Kesho uanze nao."

Zuhra akaiwaza kesho hiyo. Kesho Luqman atakuwa katikati ya ziwa, gizani, na watu alioapa nao. Likichafuka tena, nani atamnyooshea mkono?

Akatoka na sinia, akapiga magoti mbele ya mshenga.

"Karibu chai, baba," alisema. "Wavuvi wanakusikiliza wewe. Zungumza nao, nakuomba."

Mzee Jumanne alimtazama Luqman, akautazama mkono wake mwenyewe, ule uliomvuta majini. Kikombe hakukigusa. Alivaa kofia yake, akavaa ndara pale mlangoni, akashika njia ya mwaloni, kwa wavuvi walioapa naye, bila kuaga.