Sentimita na Vijiti vya Mzabibu

Fundi cherehani mmoja aliitwa Sentimita, kwa sababu hakukata hata uzi bila kupima. Asubuhi moja aliacha cherehani yake, akachuchumaa mbele ya makopo kumi. Katika kila kopo alikuwa amechomeka kijiti cha mzabibu. Vyote vilikuwa vimekauka.

"Mke wangu, sielewi," alisema. "Viwili vilitoa majani, leo vimekufa. Vingine havikutoa chochote. Udongo ni ule ule, maji ni yale yale!"

"Labda umevipima sana, vikaona haya," mkewe akamtania.

Sentimita hakucheka. Vijiti alivikata kwenye mzabibu uliopandwa kando ya ukuta wa nyumba yao na marehemu mama yake. Mwisho wa mwezi ukuta huo mbovu ungebomolewa ujengwe mpya, na mzabibu ungekwenda nao. Alitaka abaki na mche mmoja tu. Roho ilimuuma, na kila alipofikiri alizidi kuchanganyikiwa.

"Kuuliza si ujinga," mkewe akasema. Akamwita jirani yao, Mama Kitalu, ambaye kazi yake ni kuotesha miche.

Mama Kitalu aling'oa kijiti, akakigeuzageuza. "Shemeji, juu ni wapi?"

Sentimita alitazama ncha hii, akatazama ile. Zote alizikata sawasawa, kama kitambaa. "Si hapa? Au... hapa?"

"Basi vingine umevipanda kichwa chini, miguu juu!"

"Na vile vyenye majani?"

"Majani yalikula akiba ya chakula iliyomo ndani ya kijiti. Mizizi huchelewa. Ulipoyaona ulifanyaje?"

Sentimita akainamisha kichwa. "Nilikuwa naving'oa kila asubuhi, nipime mizizi."

Mkewe alicheka hadi akashika mbavu.

Mama Kitalu alichagua tawi lililokomaa, nene kama penseli. Akaonyesha vifundo vinavyochipua. "Haya ndiyo macho. Kata kijiti chenye macho manne. Chini kata sawa, karibu na jicho. Juu kata mshazari. Mshazari ndio kichwa, hutakosea tena. Macho mawili yazame udongoni. Toboa kopo chini, weka kivulini. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Na mikono yako, shemeji, irudi kwenye cherehani!"

Sentimita akapanda vijiti vingine kumi. Ukuta ulipobomolewa, vilikuwa bado vitupu. Aliutazama mzabibu wa mama yake ukianguka, akalia. Wiki iliyofuata majani yakachomoza. Ni mizizi, au ni akiba tu? Hakujua. Mikono ilimwasha, lakini hakugusa.

Katika mwezi wa pili tangu avipande, mizizi myeupe ilichungulia kwenye matundu ya makopo sita. Aliupanda mche wenye nguvu kuliko yote kando ya ukuta mpya, akaufungia kijiti cha kuegemea. Mingine aliwagawia majirani.

"Umefika sentimita ngapi?" mkewe akamuuliza siku moja, mzabibu ukiwa umeshaanza kupanda ukutani.

Sentimita akajifuta macho. "Sijaupima."