Pikipiki Iliyopona Kikohozi

Kila asubuhi Mama Mikate alipanga mikate yake kwenye kreti. Aliifunga kreti kwa mpira nyuma ya pikipiki, akavaa kofia ngumu, akapiga kiki. Pikipiki ikakohoa: pa, pa-pa-pa, pa. Mtaa mzima uliamka, hata wale wasiokuwa na sababu ya kuamka. Ndiyo maana watu waliipa pikipiki ile jina la Kikohozi.

"Mgonjwa wako kaamka," mama mkwe wake alizoea kusema kutoka kitandani.

Mama Mikate alicheka tu. Hakumwambia mtu yeyote kwamba aliipenda sauti ile.

Pikipiki ilikuwa ya mumewe. Aliinunua kwa mtu, ikiwa tayari na kikohozi chake. Wakati huo, kila jioni, Mama Mikate aliisikia ikikohoa kwenye kona ya mbali. Aliweka maji ya kuoga jikoni, na maji yakianza kuchemka, mume yuko mlangoni. Kisha mume akapata kazi kwenye kambi ya ujenzi wa barabara, mbali sana. Akaondoka, pikipiki ikabaki. Sasa Mama Mikate alipopiga kiki asubuhi, alifumba macho kidogo. Kwa muda mfupi ilikuwa kama mtu anarudi nyumbani, si kama mtu anatoka.

Kabla ya kuondoka, mume alimfundisha kuitunza. Kelele zikizidi, alimwambia, kaza nati za bomba la moshi, pale linapoingia kwenye injini. Kaza ukifika tu, chuma kikiwa bado cha moto. Chomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili upate nguvu, halafu vuta mpaka ushindwe.

Mama Mikate alifuata maneno hayo bila kubadilisha hata moja. Mpini wa spana ulikuwa na kitambaa alichokizungusha mumewe kwa mikono yake. Kila alipoushika, alishika mahali pale pale alipokuwa akishika mumewe. Aliungua kifundo cha mkono zaidi ya mara moja, lakini hakulalamika.

Siku moja mume alipiga simu. Amepata ruhusa, fupi sana. Jumamosi basi litamshusha njia panda, Jumapili atalipanda tena hapo hapo. Kutoka njia panda mpaka nyumbani hapakuwa na gari lolote, na kwa miguu siku yote ingeishia njiani.

"Nitakuja kukuchukua," alisema Mama Mikate.

"Najua," mume alijibu. "Nitakusikia kabla sijakuona."

Maneno hayo alitembea nayo wiki nzima. Alikanda unga nayo. Alifua shuka nayo. Mama mkwe alimtania kwamba siku hizi mikate inaumuka hata bila hamira.

Alhamisi, akitoka kugawa mikate madukani, Kikohozi kilibadilika. Hakikukohoa tena, kilibweka. Kwenye mlima pikipiki iliishiwa nguvu, ikabidi ashuke na kuisukuma. Alipofika nyumbani alichukua spana, akachomeka bomba, akavuta kwa nguvu zake zote. Nati ilikazika, ikakazika, halafu ghafla ikawa laini. Sasa ilizunguka bure, haikushika kitu.

Jumamosi ilikuwa kesho kutwa.

Aliweka spana na bomba lake kwenye kreti, akaisukuma pikipiki hadi kwa fundi. Fundi alikuwa jirani, na rafiki wa mumewe tangu ujana. Alitengeneza pikipiki na pampu za maji chini ya kibanda cha mabati. Hakuwa mtu wa haraka. Alimpa kiti, akaendelea kunywa chai yake. Mama Mikate alipomuuliza kwa nini haanzi, alisema injini inapoa. Chuma cha moto huwa kimetanuka, alieleza. Ukikilazimisha wakati huo, unaharibu nyuzi za bolti, ile mikato inayoshika nati, na ngozi yako pia.

Mama Mikate alificha kifundo chake chini ya khanga.

Injini ilipopoa, fundi alimwita aone mwenyewe. Bomba la moshi lilishikwa na bamba dogo la chuma, na bamba lilishikwa na nati mbili. Upande mmoja bamba lilikuwa limezama, upande wa pili limeinuka. Kwenye upenyo huo masizi meusi yalikuwa yametapakaa. Fundi alisema huko ndiko moshi unakotoroka kabla ya kuingia kwenye bomba. Ndiyo kikohozi chenyewe. Gasketi, ile pete inayoziba katikati, ilikuwa imepondeka na kuungua.

"Unaiwashia wapi asubuhi?" aliuliza.

"Stoo. Nafunga mlango ili kelele zipungue kidogo."

"Na kichwa hakikuumi?"

Kilikuwa kinamuuma. Siku zote alidhani ni usingizi mchache. Fundi aliacha utani kabisa. Alimwambia moshi wa injini una sumu isiyo na harufu, na inaweza kuua mtu kimyakimya. Pikipiki iwe nzima au mbovu, iwashiwe nje.

Kisha akaushika mpini wa spana wenye kitambaa, akakitazama kipande cha bomba.

"Shemeji, nani alikufundisha kukaza hivi?"

Mama Mikate alikunja ncha ya khanga, akaikunjua. Mwishowe akasema, "Yeye."

Fundi alicheka mpaka chai ikamwagika. Jamaa yule, alisema, hata kifuniko cha soda anakifungua kama anang'oa mti. Lakini alipoona shemeji yake hacheki, naye akaacha.

"Ukiitengeneza, itanyamaza?" Mama Mikate aliuliza.

"Itanguruma kidogo, kama nyingine."

"Basi hatanisikia."

Fundi hakuelewa mara moja. Mama Mikate alimsimulia habari ya simu, polepole, akitazama chini. Fundi alifuta mikono yake kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Shemeji," alisema, "ili usikike, kwanza ufike."

Kazi alimwachia aifanye mwenyewe. Akiikaza yeye fundi leo, alisema, mwezi ujao shemeji yake ataanza tena kuhangaika peke yake. Walipaka mafuta ya kulainisha kutu, wakangoja. Bolti iliyokwisha nyuzi fundi aliitoa, akaweka mpya. Mama Mikate aliondoa mabaki ya gasketi taratibu, asikwaruze chuma. Akaweka gasketi mpya, akasimamisha bamba, akazifunga nati zote mbili kwa vidole tu.

"Sasa spana. Hii fupi."

Akakaza ya kwanza.

"Inatosha. Nenda kwa mwenzake."

Kidogo huku, kidogo kule. Kila mara fundi alimwambia ainame aangalie kama nafasi ni sawa pande zote mbili. Hapo Mama Mikate akaelewa kosa la zamani. Yeye na mumewe walikuwa wakikaza nati moja mpaka mwisho, ndipo wanaikumbuka ya pili. Bamba likalala upande, na kila walipoongeza nguvu, moshi ulipata njia pana zaidi. Mwisho fundi alimpa spana yenye kipimo cha nguvu. Ilipolia "tak", alimwambia aache hapo hapo, hata kama mkono bado una hamu.

Waliitoa nje, wakaiwasha. Iliunguruma chini chini. Waliizima, wakaiacha ipoe, kisha Mama Mikate akazipima nati tena, kwa sababu gasketi mpya hubonyea kidogo ikishapata joto, nati zikalegea.

Mama Mikate alirudi nyumbani juu ya pikipiki asiyoijua. Mama mkwe aliuliza ni mgeni gani amefika.

Jumamosi, njia panda, mumewe alikuwa amesimama na begi begani. Alikuwa amekonda. Alikuwa ameinamisha kichwa, macho chini, kama mtu anayesikiliza kwa mwili mzima. Pikipiki ilimkaribia. Akarudi nyuma hatua moja kuipisha, bila kuitazama.

"Abiria," alisema Mama Mikate, "unakwenda wapi?"

Mume aliinua macho. Aliitazama pikipiki, akamtazama mkewe, akaitazama tena pikipiki.

"Kikohozi kiko wapi?"

"Kimepona."

Alimvalisha kofia, wakaondoka. Zamani, juu ya pikipiki hiyo, walikuwa wakipiga kelele ili wasikilizane, mwishowe wakaacha. Sasa mume aliongea kwa sauti ya kawaida karibu na bega lake, njia nzima. Alimweleza vumbi la kambi, na kitanda chake kilicho karibu na mlango, na jinsi anavyoamka alfajiri akidhani amesikia kitu kinakohoa. Mama Mikate alisikia kila neno. Aliendesha taratibu kuliko kawaida.

Jumapili asubuhi, injini ikiwa baridi, Mama Mikate alimfundisha mumewe kukaza nati. Kidogo huku, kidogo kule. Mume alitafuta kile kipande cha bomba, asikione. Kilikuwa kimechimbiwa uani, kimeshika kamba ya nguo. Mchana akampeleka tena njia panda, basi likamchukua.

Jumatatu Mama Mikate aliisukuma pikipiki hadi nje ndipo akapiga kiki. Mtaa haukuamka. Alifumba macho kidogo, kwa mazoea. Injini haikufanana tena na mtu anayerudi nyumbani. Lakini kichwa hakikumuuma, na karibu na bega lake palikuwa bado na ile sauti ya kawaida ya mumewe, ikiongea.