Samaki wa Safari ya Kamina

Paka alikufa kabla ya jua kuchomoza, uani kwa Germain, mtaa wa Kikula, mjini Likasi. Aimée, mke wa Germain, alikuwa akihamisha samaki wa kukaanga kutoka kwenye beseni kwenda kwenye kikapu cha safari. Kipande kimoja kikaanguka, paka akakidaka. Kikapu hakijafungwa bado, mnyama alikuwa chini, mdomo umejaa povu.

Inspekta Henriette, jirani wa ukuta mmoja, aliitwa hata viatu hajavaa. Aliwakuta watu wanne na mizigo: godoro limefungwa kamba, jiko la mbabula, gunia la makaa, madumu ya maji. Safari ya treni hadi Kamina huchukua siku kadhaa, na asiyebeba chakula chake atajuta. Germain, mkubwa wa kundi la wachimbaji huko Kambove, alikuwa anahama Likasi moja kwa moja. Treni ilitarajiwa saa mbili asubuhi. Ikishapita hiyo, nyingine Mungu ndiye ajuaye.

"Mama inspekteri, paka ni paka," alisema Germain. "Tutupe samaki, minye niende ku gare kukamata treni."

"Sumu haikuwekwa ju ya paka, papa. Hakuna muntu mwenye anatoka hapa."

Tuseme ukweli: Kikula haikumlilia Germain. Msimu wa mvua uliopita, Glody, mtoto wa marehemu kaka yake, alifukiwa na udongo shimoni, huko machimboni. Germain alisimama kanisani akaapa kwamba kijana alishuka mwenyewe kwa ukaidi wake. Watu walimtazama tu. Sasa alikuwa anaondoka na suti mpya.

Henriette alianza na Aimée. "Nani alikaanga?"

"Minye na Mama Mamie, jana mangaribi. Tukafunika beseni."

"Mulionja?"

"Kuonja namna gani? Tuko mu jeûne, leo siku ya tatu. Pasta Éphraïm alisema nyumba yote ifunge mpaka papa apande treni, safari yake iende muzuri. Ata mayi hatuyagusa."

"Na weye anakuacha?"

"Anasema atatuma muntu aniite." Aimée alisema hivyo bila kumtazama mumewe. Henriette aliliweka jambo hilo moyoni.

Kisha akamgeukia Bertin, mdogo wake Germain, mchimbaji, Mkatoliki aliyekuwa hafungi. Shati lake lilikuwa na doa la mafuta kwenye mkono.

"Mafuta hii ni ya nini?"

Bertin aliinamisha kichwa. "Niliiba kipande, jana usiku. Njaa, mama."

"Ni yeye," alisema Germain, akimnyoshea kidole. "Anataka kiti yangu ku Kambove. Mumufunge, minye niende."

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini Germain alipapasa nguo isiyo yenyewe.

"Kipande ulikula kilikuwa namna gani?" Henriette alimuuliza Bertin.

"Haikuwa na chumvi. Ata kidogo."

Basi. Bertin alikula usiku na alikuwa mzima, kwa hiyo sumu iliingia baadaye. Henriette akauliza nani alifungua beseni alfajiri.

"Minye," alijibu Mamie. Huyu ndiye mama yake Glody, mjane aliyeishi uani hapo na kuongoza maombi ya nyumba. "Nililamuka mbele ya bote. Samaki ilikosa chumvi, nikaongeza."

Aimée aligeuka polepole, akamkazia macho.

"Nani alikuambia ilikosa chumvi?" aliuliza Henriette.

"Nilionja jana, wakati tulikuwa tuna..."

"Mama, weye njo uliongoza maombi. Ulikula?"

Mamie alijifunga upya kitenge chake kiunoni. Alipoinua uso, woga ulikuwa umemtoka. "Nilikula. Siku zote tatu. Bo banaomba afike muzuri, minye niko nakula bukari mu chumba. Nifunge ju ya huyu?"

"Kama ni chumvi uliongeza, kula kipande mbele yetu."

Mamie alichukua kipande. Alitembea hadi kwa Germain, akakisogeza mdomoni pake.

"Aanze yeye."

Germain alirudi nyuma hadi akagota ukutani.

"Ni sumu ya panya," alisema Mamie. "Udongo ulikuwa umelowa, banaume balikataa kushuka. Ukatuma mutoto yangu. Kisha ukamusemea bubaya mu kanisa, na minye niko nasikia. Kama ungebaki Likasi, ningekuangalia kila siku, ningengoja Mungu. Lakini unaenda. Na unataka minye njo nikukaangie."

"Anasema bongo," alisema Germain. "Alishuka mwenyewe."

"Hapana, yaya." Ilikuwa sauti ya Bertin, akimjibu kaka yake. "Ulimutuma. Ulimuambia, ukikataa, hautarudia mu kundi. Minye nilikuwa pale, na nilinyamaza."

Honi ya treni ilisikika upande wa stesheni. Germain alinyakua sanduku lake, akapiga hatua mbili. Henriette aliweka mkono juu ya sanduku, akalishusha chini.

"Weye pia, papa. Kifo ya Glody sasa iko na shahidi."

Jeep ya polisi ilipofika, Mamie alipanda wa kwanza, mikono imefungwa, majirani wamejaa getini. Germain alisimama chini, suti imeingia vumbi, akisikiliza treni ikiondoka. Mamie alisogea kwenye benchi, akamwachia nafasi kando yake.

"Kuya, shemeki. Ikala hapa. Tunasafiri pamoja."