Fundi wa Nyuma ya Pazia

Kila siku akitoka shule, Macho alivua sare, akanawa mikono, kisha akaketi mkekani kumtungia mama yake uzi kwenye sindano. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina hilo la utani. Mama yake alikuwa amepooza miguu tangu utotoni, lakini cherehani yake ya mkono ilikwenda mbio kuliko ulimi wa mchongezi.

Ila kazi yote hiyo ilifanyika nyuma ya pazia. Mbele, walipoingia wateja, aliketi mama mdogo na cherehani ya miguu isiyo na uzi. Aliwapima watu, akapokea vitambaa, akapokea na sifa. Kushona hakujua hata kifungo. Walianza hila hiyo baada ya bibi harusi mmoja kurudisha gauni lililokwisha kushonwa, eti gauni la fundi aliyepooza lingemletea mkosi. Wateja wengine nao wakaingia mitini. Watu bwana!

Hata shuleni, Macho alipoulizwa fundi wao ni nani, alijibu, "Mama mdogo." Alijichukia kila alipolisema neno hilo, lakini alilisema.

Mwezi huo walikuwa wakishona sare thelathini za watoto wa kwaya ya shule, pamoja na gauni la mwalimu wao. Jumamosi moja mwalimu wa kwaya alikuja kujaribu gauni lake.

"Kwapa linabana," alisema. "Lakini kwa mikono yako hiyo, fundi, ni kazi ya dakika tano. Rekebisha sasa hivi, nasubiri."

Mama mdogo akaanza kutoka jasho. Alilichukua gauni, akaligeuza huku na huku, kisha akashika mkasi na kuupeleka kwenye mshono. Nyuma ya pazia cherehani ilinyamaza. Macho, aliyekuwa akichungulia pembeni mwa pazia, aliona kazi ya siku nne ikienda kuharibika.

"Mama mdogo, usikate!" alipiga kelele, akalivuta pazia.

Mwalimu alimwona mwanamke ameketi mkekani, katikati ya sare za kwaya.

"Kumbe ni huyu?" aliuliza.

"Ni mimi, mwalimu," mama alijibu. "Mwanangu, lete hilo gauni."

Alifumua mshono, akaongeza kitambaa kidogo, akashona. Mwalimu alilivaa, akajitazama kiooni. Lilimkaa vizuri kabisa.

"Sikatai, dada, unajua kazi," alisema kwa sauti ya chini. "Ila wazazi wasijue. Si unajua watu walivyo?"

"Watu ndio wewe, mwalimu," mama alisema.

Macho aliona hasira zikimpanda. "Mwalimu, jana shuleni ulisema fundi wetu hana mfano! Mikono si ile ile?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Nimekosa. Nisameheni," alisema. "Wazazi nitawaambia mimi mwenyewe."

Akawaambia kweli, siku sare zilipogawiwa. Wazazi watatu walirudisha sare siku hiyo hiyo, zikiwa zimekunjwa vile vile. Ishirini na saba walinyamaza, na watoto wao wakaimba wakiwa wamezivaa. Mama alikaribishwa kwenye sherehe, akaketi mstari wa mbele. Kiti cha upande wake wa kushoto kilibaki kitupu mpaka mwisho, ingawa watu wengine walisimama kwa kukosa nafasi.

Waliporudi nyumbani, Macho alilia. "Nisamehe, mama. Nimekukana mara nyingi."

"Si wewe peke yako," mama alisema. "Pazia hili nililishona kwa mikono yangu. Kosa lilikuwa la watu, lakini aibu nikaibeba mimi. Tukawadanganya, nao wakaendelea kuamini upuuzi wao. Miguu yangu haijawahi kunizuia kushona, mwanangu. Mtu mpime kwa kazi yake, na ukweli wake usiufiche hata ukikuponza."

Kisha akalivuta pazia mpaka likaanguka, akaanza kulifumua.

"Kitambaa bado kizima," alisema. "Nitungie uzi."